Konokono wa Majaruba: Somo la Muwasho wa Ngozi na Kichocho kutoka Usoke

Katika mabonde ya Usoke, magharibi ya mji wa Tabora, mvua huanza kiasi cha mwezi wa Novemba na kukoma mwezi wa Aprili au Mei. Katika miezi hiyo mbuga zilizokuwa ngumu kama tofali hugeuka kuwa majaruba ya mpunga. Wakulima huingia majini asubuhi na kutoka jioni. Watoto huogelea malamboni. Bata na yangeyange huzunguka kandokando, na ng'ombe huletwa kunywa. Mtu anapotoka majini huweza kuona miguu yake ikimwasha, na kesho yake vipele vyekundu vikawa vimetokea kuanzia kwenye nyayo hadi pale maji yalipomfika. Mmoja atasema ni makali ya majani ya mpunga. Mwingine atalaumu tope. Ni kweli kwamba majani hukata na tope huudhi ngozi. Lakini mara nyingine chanzo cha muwasho ni kiumbe mdogo mno, ambaye saa chache kabla ya hapo alikuwa bado ndani ya mwili wa konokono.

Somo hili lina swali moja: je, muwasho huo humwambia mtu nini juu ya usalama wa maji aliyoyaingia? Wengi hudhani kwamba maji yanayowasha ndiyo yenye maradhi, na yasiyowasha ni salama. Elimu ya viumbe inaonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi, na kwamba kuitegemea kunaweza kumgharimu mtu afya yake.

MAHALI PENYEWE

Usoke iko kando ya reli iendayo Kigoma, kabla ya kufika Urambo mjini. Reli hiyo, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilifuata kwa sehemu kubwa mwelekeo wa njia ya kale ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Katika karne ya 19 wapagazi kwa maelfu walipita katika nchi ya Wanyamwezi, na kila msafara ulitafuta maji: ya kunywa, ya kupikia na ya kuoga. Katika nchi isiyo na mito mingi inayotiririka mwaka mzima, maji hayo yalikuwa ya madimbwi na visima vifupi. Baadaye, hasa tangu miaka ya 1970, wafugaji wengi kutoka Usukuma walihamia kusini pamoja na ng'ombe wao.

Habari hizi za historia zina maana katika somo la biolojia. Konokono wa maji husafiri polepole. Lakini kimelea aishiye ndani ya damu ya mtu husafiri upesi kama mtu mwenyewe. Mgeni mmoja mwenye kichocho, akikojoa kandokando ya lambo lenye konokono wanaofaa, anatosha kuanzisha maambukizo mapya. Mahali panapokutanisha wasafiri, mifugo, ndege na maji yaliyotuama ni mahali panapofaa kujifunza jinsi vimelea wanavyoishi.

KONOKONO GANI?

Si kila konokono wa maji ana hatari. Wale ambao mwalimu na wanafunzi wapaswa kuwafahamu ni wa jenasi tatu.

Wa kwanza ni Bulinus. Gamba lake limezunguka kama pia ndogo, na kwa kawaida halizidi urefu wa sentimita mbili. Likishikwa ncha ikiwa juu na mlango ukimwelekea mtazamaji, mlango huo huwa upande wa kushoto. Huyu ndiye mwenyeji wa kimelea wa kichocho cha mkojo, Schistosoma haematobium. Bulinus pia hubeba Schistosoma bovis, ambaye ni kimelea wa ng'ombe, kondoo na mbuzi.

Wa pili ni Biomphalaria. Gamba lake ni bapa, limejiviringa kama kamba iliyokunjwa juu ya sakafu. Huyu ndiye mwenyeji wa Schistosoma mansoni, kimelea wa kichocho cha tumbo.

Wa tatu ni Radix, ambaye vitabu vya zamani humwita Lymnaea. Mlango wa gamba lake ni mpana na uko upande wa kulia. Huyu habebi kichocho cha binadamu. Anajulikana zaidi kwa kubeba mnyoo bapa wa ini la ng'ombe, na konokono wa jamii yake katika sehemu nyingi za dunia hubeba vimelea wa damu ya bata na ndege wengine wa majini.

Yafaa kutahadhari na konokono mkubwa aitwaye Lanistes, ambaye mlango wake pia huonekana kuwa upande wa kushoto. Yeye ana kifuniko kigumu cha kuzibia mlango, Bulinus hana. Hata hivyo kifuniko hicho huanguka konokono anapokufa, na kwa hiyo gamba tupu hutambuliwa kwa ukubwa na unene wake.

Bulinus na Biomphalaria wana sifa mbili zinazowafaa sana katika madimbwi ya muda. Kwanza, damu yao ina himoglobini, kama ya binadamu, na hivyo huweza kuishi katika maji yenye oksijeni kidogo. Pili, kila konokono ana viungo vya kiume na vya kike pamoja, na akikosa mwenziwe huweza kujirutubisha peke yake. Konokono mmoja aliyechukuliwa na tope la kwato anaweza, katika msimu mmoja, kulijaza lambo zima kizazi chake.

SAFARI YA KIMELEA

Maisha ya vimelea hawa yamegawanyika sehemu mbili. Sehemu moja huwa katika damu ya binadamu, mnyama au ndege, ambaye huitwa mwenyeji wa mwisho. Sehemu ya pili huwa katika konokono, ambaye huitwa mwenyeji wa kati. Maji ndiyo barabara inayowaunganisha.

Mayai hutoka kwa mkojo au kwa kinyesi, kutegemea aina ya kimelea. Yakiwa bado katika mkojo hayaanguliwi, kwa sababu mkojo una chumvi nyingi. Yanapofika katika maji baridi, maji hupenya ndani ya yai, nalo hupasuka. Hutoka buu mwenye vinyweleo vya kuogelea, aitwaye mirasidia. Buu huyu hali chochote, naye ana muda wa saa chache tu wa kumpata konokono anayemfaa. Asipompata, hufa.

Akimpata, hupenya katika nyama laini ya konokono na kugeuka kuwa kifuko. Kifuko hicho huzaa vifuko vingine, na vifuko hivyo huzaa mabuu wa namna nyingine. Kazi hiyo huchukua kiasi cha wiki nne hadi sita, kutegemea joto la maji. Mirasidia mmoja huweza kuwa asili ya maelfu ya mabuu, wote wa jinsia moja. Konokono basi hatakiwi kufikiriwa kuwa chombo cha kubebea tu. Yeye ni mahali ambapo kimelea mmoja huwa wengi.

Buu atokaye katika konokono huitwa serkaria. Urefu wake pamoja na mkia ni kiasi cha nusu milimita, na mkia huo umegawanyika mwishoni kama panda ya manati. Serkaria wa kichocho cha binadamu hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, hasa karibu na saa sita mchana, wakati ambapo watoto wengi nao wako majini. Konokono mmoja huweza kutoa mamia au hata maelfu kwa siku. Serkaria naye hali. Nguvu zake hupungua kila saa ipitayo, na baada ya siku moja au mbili huwa amekufa.

Akiigusa ngozi, huipenya kwa dakika chache na kuuacha mkia nje. Kama ameingia kwa mwenyeji anayemfaa, hupita katika mishipa ya damu hadi mapafuni, kisha katika ini, ambako hukua. Dume humkumbatia jike katika mfereji ulio mwilini mwake, nao huenda pamoja mahali pao pa kudumu: haematobium katika mishipa inayozunguka kibofu, mansoni katika mishipa ya utumbo. Huko huweza kuishi miaka kadhaa wakitaga kila siku.

JINSI UKWELI ULIVYOGUNDULIWA

Mnyoo wa kichocho aligunduliwa mwaka 1851 na Theodor Bilharz, daktari Mjerumani aliyefanya kazi Kairo. Lakini kwa muda wa miaka 60 baada ya hapo hakuna aliyejua kwa yakini jinsi mtu anavyoambukizwa. Arthur Looss, mtaalamu mwenye sifa kubwa katika Misri, alishikilia kwamba mirasidia humwingia mtu moja kwa moja bila ya kupitia kwa mnyama mwingine, na heshima yake iliwafanya wengi wakubali.

Mwaka 1913 Wajapani wawili, Miyairi na Suzuki, walithibitisha kwamba kichocho cha nchi yao hupitia kwa konokono. Mwaka 1915 Robert Leiper, aliyetumwa Misri kwa sababu ya afya ya askari wa Uingereza, alionyesha kwamba hata vimelea wa Afrika hupitia kwa konokono, tena kwamba kichocho cha mkojo na cha tumbo huletwa na vimelea wawili tofauti wenye konokono tofauti.

Muwasho wa waogeleaji ulieleweka baadaye. Mwaka 1928 William Cort, aliyekuwa akikusanya konokono katika ziwa la Jimbo la Michigan, Marekani, aliwashwa mkono. Badala ya kujikuna na kusahau, alichunguza, akaonyesha kwamba muwasho huo uliletwa na serkaria. Michigan haina kichocho cha binadamu. Serkaria wa namna hiyo, kama ilivyokuja kujulikana, ni wa ndege wa majini. Mwaka 1938 Buckley alieleza habari inayofanana katika mashamba ya mpunga ya Malaya: wakulima waliwashwa miguu kwa sababu ya serkaria wa Schistosoma spindale, kimelea wa ng'ombe na nyati. Mazingira hayo, yaani mpunga, mifugo na maji ya kina kifupi, hayako mbali na yale ya majaruba ya Unyamwezi.

KWA NINI NGOZI HUWASHA?

Serkaria wa ndege hana macho ya kumtambua bata. Huvutwa na joto na mafuta ya ngozi, na ngozi ya mtu humdanganya. Hupenya, lakini mwili alioingia si wake. Kinga ya mwili humshambulia, naye hufa papo hapo ngozini. Vipele na muwasho ni dalili za vita hivyo. Vipele huzidi kwa siku mbili au tatu na kwa kawaida hupona katika muda wa wiki moja hadi mbili, isipokuwa kama mtu amejikuna hadi kuingiza vijidudu vingine katika jeraha.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mara ya kwanza muwasho huwa mdogo, pengine usihisiwe kabisa. Mwili haujajifunza kumtambua adui. Kila mara mtu anaporudia kuingia majini, kinga huwa imezoezwa zaidi, na muwasho huwa mkali zaidi. Mkulima anayesema kwamba maji ya jaruba lake yamekuwa mabaya mwaka huu kuliko mwaka jana huenda anasema kweli juu ya ngozi yake, wala si juu ya maji.

KIMYA CHENYE HATARI

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Serkaria wa ndege huleta kelele nyingi na madhara machache, kwa sababu anakufa. Serkaria wa kichocho cha binadamu amezoea mwili wa binadamu kwa muda mrefu sana. Huweza kuleta muwasho kidogo anapoingia, hasa kwa mgeni, lakini mtu aliyezaliwa na kukulia mahali penye kichocho mara nyingi hahisi kitu. Kimelea hupita, hukua, hutaga. Maji yasiyowasha, basi, hayajathibitishwa kuwa salama. Na maji yanayowasha hayajathibitishwa kuwa na kichocho. Vimelea wa namna zote mbili huweza hata kuwa katika lambo moja.

Madhara ya kichocho hayaletwi hasa na mnyoo mwenyewe, bali na mayai. Sehemu kubwa ya mayai haitoki nje. Hunasa katika kuta za kibofu, utumbo au katika ini, na mwili huyazungushia makovu. Damu katika mkojo ni dalili ya kwanza inayoonekana. Katika jamii kadhaa za Afrika damu hiyo kwa mvulana imechukuliwa kuwa ishara ya kukua, na hivyo mtoto hapelekwi kwa mganga wa zahanati. Kwa wasichana na wanawake mayai huweza kunasa katika viungo vya uzazi na kuleta vidonda, maumivu na hata utasa; na dalili hizo mara nyingi hudhaniwa kuwa za maradhi ya zinaa, jambo linalomletea mgonjwa aibu asiyostahili. Kichocho cha mkojo kilichodumu miaka mingi huweza kuleta saratani ya kibofu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 251 duniani walihitaji dawa ya kujikinga na kichocho, wengi wao wakiwa katika Afrika.

KIANGAZI NA TOPE

Mtu atauliza: je, kiangazi cha miezi mitano au sita hakiwaui konokono wote wa mbuga? Huwaua wengi, lakini si wote. Utafiti uliofanywa katika kanda ya Mwanza, hasa katika miaka ya 1950 na 1960, ulionyesha kwamba Bulinus wa madimbwi ya muda hujificha katika tope linalokauka, hujirudisha ndani ya gamba, na kungoja. Baadhi yao hubaki hai hadi mvua nyingine. Hata kimelea aliye ndani ya konokono huyo huweza kusimama kukua na kuendelea maji yarudipo. Kwa hiyo lambo lililokauka kabisa mwezi wa Septemba halijaponywa, limelala tu.

ZOEZI LA DARASANI

Kiangazi ni wakati mzuri wa kujifunza, kwa sababu serkaria hawezi kuishi pasipo maji. Mwalimu awaongoze wanafunzi kuokota magamba matupu katika mbuga iliyokauka kabisa. Magamba yachemshwe, yaoshwe na kuanikwa. Kisha kila kikundi kiyapange kwa maswali matatu: Je, gamba ni bapa au lina ncha? Kama lina ncha, mlango uko kushoto au kulia? Urefu wake ni sentimita ngapi? Matokeo yaandikwe katika jedwali na kuwekwa kwenye ramani ya kijiji, pamoja na alama za mahali pa kuchotea maji, pa kunyweshea mifugo, na penye vyoo. Ramani hiyo itaonyesha mambo ambayo kitabu hakiwezi kuonyesha. Wanafunzi wasiingie majini kutafuta konokono hai, wala wasiwashike kwa mikono mitupu. Kazi hiyo ni ya wataalamu wenye vifaa.

KUUKATA MZUNGUKO

Mzunguko wa kimelea unaweza kukatwa mahali patatu. Kwa mtu, dawa ya praziquantel huua minyoo iliyokwisha kukua, nayo imekuwa ikigawiwa katika shule za Tanzania kwa miaka mingi; lakini haimzuii mtu kuambukizwa tena kesho yake. Kwa maji, choo na kisima kilichofunikwa huzuia mayai yasimfikie konokono na mtu asiyafikie maji ya lambo. Maji yaliyochotwa bila konokono na kuwekwa siku mbili hayana tena serkaria aliye hai wa kumpenya mtu anayeoga, ingawa kwa kunywa bado yapaswa kuchemshwa. Mkulima asiyeweza kuyaepuka maji ya jaruba hupunguza hatari kwa kuvaa viatu virefu vya mpira.

Kwa konokono, kuna dawa ya kumwua, lakini huua na samaki. Wako wanaoshauri kufuga bata, kwa kuwa bata hula konokono. Ushauri huo si mbaya, ila mwanafunzi wa somo hili ataona mara moja upande wake wa pili: bata naye ni mwenyeji wa mwisho wa vimelea wa muwasho.

Unguja na Pemba zinatoa funzo. Kati ya miaka ya 2012 na 2017 dawa iligawiwa kwa watu wengi mara kwa mara, na katika baadhi ya maeneo ikaongezwa kazi ya kuua konokono au elimu ya tabia. Maambukizo yalishuka hadi asilimia chache, lakini hayakukatika kabisa. Njia moja haitoshi, na kazi ikisimama kimelea hurudi.

Anayewashwa miguu baada ya kutoka jarubani hana haja ya kuingiwa na hofu, vipele vitapona. Lakini asiyewashwa asijione ameokoka. Aliyeingia katika maji ya konokono, awe amewashwa au hakuwashwa, apimwe mkojo na choo katika zahanati wiki nane au zaidi baada ya kuingia majini humo, maana kabla ya hapo mayai huenda yasionekane bado.

MASWALI

1. Kwa nini serkaria wa ndege huwasha zaidi ya serkaria wa kichocho cha binadamu, ilhali madhara yake ni madogo?
2. Eleza sifa mbili za Bulinus zinazomwezesha kuishi katika madimbwi ya muda.
3. Mwanafunzi mmoja amedai kwamba lambo la kijiji chake ni salama kwa sababu hukauka kila mwaka. Mjibu kwa hoja.
4. Kwa nini yai la kichocho haliangui likiwa bado katika mkojo? Kimelea hupata faida gani kwa jambo hilo?
5. Jadili faida na hasara za kufuga bata katika majaruba ya mpunga.